Maswali na Majibu: Kutua Kisiwani Saba Wakati wa Pepo za Krismasi

Wiki hii barua nyingi ni za kisiwa kimoja: Saba, kipande cha Uholanzi katika Karibi, chenye kilomita za mraba 13 tu na mlima katikati.

Nakwenda Januari. Wenyeji wananiambia nijihadhari na "pepo za Krismasi". Ndizo zipi?

Mtu wa pwani yetu angeziita kaskazi, maana huvuma majira yaleyale na karibu kutoka upande uleule. Ila kaskazi yetu huondoka ikaipisha kusi. Kule upepo wa mashariki haubanduki mwaka mzima. Kuanzia katikati ya Desemba, kanieneo kubwa ya hewa iliyo juu ya Atlantiki ya kaskazini huongezeka nguvu, na upepo ule wa kawaida ukapata msukumo: kilomita 30 hadi 45 kwa saa kwa siku kadhaa mfululizo, na vishindo vya kuzidi hapo.

Njia ya kurukia na kutua ndege ya Saba ina mita 400 tu! Upepo mkali si ndio balaa yenyewe?

Inategemea unatoka wapi. Upepo wa omo, yaani wa mbele, ni rafiki wa rubani. Tuseme ndege inashuka kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa na upepo wa 40 unaipiga usoni: ardhini inakwenda 90 tu, na breki zina kazi ndogo. Ndiyo maana Twin Otter, ndege ya abiria wasiozidi 20, hutua pale na kubakiza nafasi.

Adui ni upepo wa ubavuni. Njia ya Saba imelala kuelekea kusini-mashariki, nao upepo ukigeukia kaskazini kidogo huisukuma ndege pembeni. Halafu kuna majabali: hewa ikiyagonga hujiviringa kama maji yanayopita kwenye mawe, ndege ikarushwa huku na huku sekunde chache kabla ya kugusa lami. Ncha zote mbili za njia zinaishia kwenye genge la mwamba, chini bahari. Hakuna pa kupitiliza.

Jua linawaka, mawingu hakuna, na bado safari imefutwa. Wanatufanyia mzaha?

Hapana. Kila ndege ina kikomo cha upepo wa ubavuni, na Saba haina njia ya pili ya kuelekea upande mwingine. Kikomo kikipitwa, mnarudi St. Maarten, kisiwa jirani mlikotoka, dakika kama 15 nyuma. Mimi namheshimu rubani anayegeuza kuliko anayejaribu bahati.

Nimeona picha: alama kubwa ya X kila ncha. Uwanja umefungwa?

Umefungwa kwa ndege za kawaida. Wanaotua wana kibali maalumu.

Kisiwa jirani cha St. Barth je, si ndiyo mbaya zaidi kutua?

Kwa macho, ndiyo: ndege inakiruka kilima kwa karibu kisha inajitosa kwenye njia ya mita 650 hivi inayoishia ufukweni. Lakini njia ile imeelekea mashariki, kwa hiyo pepo za Krismasi mara nyingi huja za omo. Mimi naogopa Saba zaidi.

Nichukue boti basi?

Ipo, saa moja na ushei kutoka St. Maarten, ila upepo uleule ndio unaoinua mawimbi, na siku nyingine nayo haiondoki. Ukirudi, usiunganishe na ndege ya Ulaya siku hiyohiyo, lala St. Maarten. Na beba vidonge vya kichefuchefu, hata kama umezaliwa Pemba.