OG Kush iliyodumaa: usikimbilie mbolea

Ndugu wa Oakland, unasema mche wa OG Kush (aina ya bangi) ulionunua umedumaa na matawi yanavunjika ovyo, na unauliza kama uutie mbolea na umtumie binamu yako Arusha kipandikizi? Mimi ningeshuku viroidi ya hopsi, kimelea kidogo kuliko kirusi, kilichosambaa sana kwenye bangi ya vipandikizi huko California. Mbolea haikitibu, na vipandikizi utakavyokata hapo vitakuwa nacho pia.

Utenge mche leo. Peleka kipande cha mzizi maabara kikapimwe kwa PCR (kipimo cha vinasaba). Jani peke yake laweza kukudanganya. Mkasi uloweke kwenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, kabla ya kugusa mche mwingine. Ikithibitika, ng'oa, hata kama bei ilikuuma.

Kuhusu kumtumia binamu Arusha kipandikizi: usithubutu. Huko kwenu California sheria inaruhusu miche 6 kwa nyumba, Tanzania ni jela.