Anaimba ABC lakini hasomi: nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Mkomani, Lamu. Binti yangu ana miaka mitano na nusu, na mwaka huu namfundisha mwenyewe nyumbani. Anaimba ABC mpaka mwisho na anahesabu hadi 20 bila kukosea. Lakini nikimwandikia "mama" hasomi, na nikimwambia anipe tende tano ananijazia kiganja. Vifaa vya dukani siviwezi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Binti yako hana kasoro. Alichonacho ni nyimbo mbili, ya herufi na ya namba. Bado hajavishika vitu vyenyewe kwa mikono.

Kwanza kusoma. Kwa miezi michache weka kando yale majina "ei, bii, sii". Mtoto aliyefundishwa kwamba M ni "em" na A ni "ei" akiyaunganisha hupata "emei", na mama hayumo humo. Kiswahili husomeka kwa silabi, karibu zote zikiishia kwa irabu, na irabu ni tano tu zisizobadilisha sauti. Kama anakwenda chuoni kusoma Kurani, kazi hii ameshaianza kule kwa alama za irabu za Kiarabu: ba kwa fatha, bi kwa kasra, bu kwa dhumma. Mwambie ni kazi ileile, ila huku twaanzia kushoto. Watoto wanaosoma Kiarabu mara nyingi huanzia kulia, na hilo si kosa la kugombezewa. Weka ganda moja la kauri la pwani upande wa kushoto wa neno, ajue pa kuanzia.

Kata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kiberiti. Andika ma, ka na ta, kila moja mara mbili. Usiongeze kingine wiki hiyo, hata ukiona anaelewa haraka. Vipande hivyo sita vinatosha kutengeneza mama, kaka, kata, taka, kama. Panga ka na ta, msome pamoja, kisha mwachie avigeuze mwenyewe. Nimewaona watoto wakikaa na vile viwili tu, kata, taka, kata, taka, midomo ikichezacheza kabla sauti haijatoka. Akifika hapo nyamaza, tafadhali. Anagundua kwamba mpangilio ndio unaobadilisha neno, na ukimsemea jibu umemnyang'anya.

Wiki inayofuata leta ki na ti, apate kiti. Maneno kama mtu na mti yangoje kidogo, kwa sababu ile "m" husimama peke yake kama silabi. Mpigishe makofi: m-tu, mawili. Akiyasikia kwa mikono, kuyasoma hakutamsumbua. Kuandika, mpe sinia yenye mchanga mkavu wa pwani, achore kwa kidole huku akitamka. Akigeuza b ikawa d, usiogope. Ni kawaida kwa umri huo.

Jambo moja la huko kwenu Lamu. Yeye nyumbani husema "moya" na "ndia", kitabu kinasema "moja" na "njia". Usimwambie kamwe kwamba amekosea. Mwambie: sisi twasema moya, kitabuni huandikwa moja. Mtoto anayeaibishwa kwa lugha ya mamake hunyamaza, na aliyenyamaza ni vigumu kumfundisha kusoma.

Hesabu sasa. Omba dukani trei tupu ya mayai 30. Ina safu sita za mashimo matano. Ikate safu mbili mbili, upate vipande vitatu vya mashimo kumi. Kanuni ni moja: shimo moja, tende moja, namba moja. Ukisema "nipe tano", ajaze safu moja. Kisha muulize, "Kwa hiyo ni ngapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla. Rudieni na tende tatu tu, siku hata kumi, bila haraka. Baadaye saba ataiona bila kuhesabu: safu imejaa, na mbili zaidi.

Kipande kikijaa, Kiswahili chenyewe kinamsaidia: kumi na moja ni kipande kizima na tende moja kwenye cha pili. Lakini ishirini hailisemi hilo. Mwonyeshe vipande viwili vilivyojaa, mara nyingi.

Akizoea, kaeni na bao la babu yake. Lina mashimo 32 na kete 64. Agawe mbili mbili kila shimo, akihesabu mbili, nne, sita. Kama kuna mdogo anayetambaa, kete na kauri zirudi juu kabatini kila mkimaliza.

Dakika 15 asubuhi na 15 baada ya Alasiri zinatosha. Acha akiwa bado anataka kuendelea. Na mkipita gatini, mwonyeshe majina yaliyoandikwa kwenye majahazi, umuulize ni silabi gani humo anayoijua.