RAM ya 8 au 16 kwa kompyuta ya gemu?

Mdogo wangu, umeuliza kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 inatosha kuchezea FC 24, lile gemu la mpira la EA, au ujibane ununue 16. Jibane. Gemu lenyewe linataka 8 kwa uchache, na 12 ndiyo wanayopendekeza watengenezaji wenyewe. Ukiacha Chrome na Discord (ile programu ya kupiga soga) wazi pembeni, hizo 8 zimekwisha. Mimi nilianza nazo: mpira unaingia kwenye boksi, picha inaganda, ikirudi nimeshafungwa.

Chukua vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16. Vikiwa viwili data hupita kwa kasi zaidi. Ila angalia kwanza ubao mama wa kompyuta yako unapokea RAM ya aina gani, DDR4 au DDR5, maana haviingiliani kabisa. 32 achana nazo kwa sasa, hela hiyo ongezea kwenye kadi ya picha.