Madogo mnaoanza kuandika programu, ishu ya hataza msiichukulie poa

Madogo wa Nyegezi, Igoma na kwingine hapa Mwanza, naona mkishapandisha kazi GitHub, ule mtandao wa kuweka msimbo, mnabandika leseni ya MIT, ile fupi ya kuruhusu watu watumie kazi yako, mnajua mmemaliza, nani atanigusa wakati nimeandika mwenyewe usiku kucha. Sasa sikieni, kuandika mwenyewe kunakusaidia kwenye hakimiliki tu. Hataza, wengine wanaita pateni, ni habari nyingine. Hakimiliki inalinda wavu ulioshona wewe, hataza inashika ile namna ya kufunga fundo, yani hata mtu wa Ukerewe ambaye wavu wako hajawahi kuuona akilibuni fundo lilelile kivyake tayari kaingia kwenye kumi na nane zako, na inadumu miaka 20 tangu maombi yapelekwe, kwenye fani yetu hiyo ni milele.

Mcheki GIF, ile aina ya faili la picha. Unisys walikuwa na hataza ya LZW, njia ya kubana data iliyomo ndani ya GIF, watu wakaitumia miaka na miaka freshi tu, kufika mwisho wa 1994 wakaambiwa programu zinazotengeneza GIF zilipiwe leseni. Hasira za pale ndo zikazaa PNG, aina nyingine ya faili la picha. Na Fedora, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, kwa miaka mingi ukiiinstoo ilikuwa haipigi nyimbo za MP3, si kwamba mafundi hawakuwepo, ni hataza.

Kwa nini sisi wa programu huria ndo inatubana zaidi? Kampuni ikidaiwa hela kwa kila nakala inaongeza kwenye bei, yaishe. Wewe nakala zako nani anazihesabu? Kila mtu anakopi, anabadilisha, anagawa, na ukiwa kwenye GPL, leseni inayotaka programu ibaki huria kwa kila anayeipokea, huwezi kusema mimi nimelipiwa ila nyie mtakaochukua kwangu mtajijua, leseni yenyewe inakukataza kugawa kwa mtindo huo. Halafu msimbo wako uko wazi, anayetafuta wa kumshtaki anasoma tu. 2019 GNOME, shirika la programu huria, walishtakiwa Marekani kwa sababu ya Shotwell, programu ya bure ya kupanga picha jamani, yakaisha kwa makubaliano 2020 baada ya watu kuchanga hela za mawakili.

Ila msikimbie fani. Hataza inafanya kazi kwenye nchi iliposajiliwa, kwa hiyo app yako ya bei za dagaa inayotumika Mwaloni Kirumba tu, mwenye hataza ya Marekani peke yake hana pa kukushikia. Ukipata wateja kule ndo hesabu inabadilika. Na hukohuko tangu kesi ya Alice ya 2014 kwenye Mahakama ya Juu wazo la kawaida likifanywa kwa kompyuta tu halitoshi kupewa hataza, nyingi zimeanguka mahakamani, shida ni gharama ya kufika huko mahakamani.

Mimi siku hizi miradi mipya naweka leseni ya Apache 2.0, maana kila anayechangia anakuwa amekuruhusu pia hataza zake zinazogusa mchango wake, na akigeuka kushtaki kwamba mradi umevunja hataza yake, ruhusa aliyopewa na wenzake inakatika. GPLv3 nayo ina vipengele vya hivyo, MIT haigusi neno hataza kabisa. Mkiwa na mradi unaokua angalieni Open Invention Network, umoja ambao wanachama wake hawashtakiani kwa mambo ya Linux, hadi Microsoft waliingia 2018. Kwenye video anzeni na AV1, njia ya kubana video iliyotengenezwa isilipiwe ada za hataza, ila jaribuni kwanza kwenye zile simu za bei chee za wateja wenu, nyingi zinakwama.