Kwa nini mchanga wa Schelde hurudishwa mtoni?

Swali: Nasomea uhandisi wa bandari. Nimesoma kwamba mchanga unaochimbwa ili meli zifike Antwerp, Ubelgiji, humwagwa tena kwenye mlango wa Mto Schelde, upande wa Uholanzi. Si kutwanga maji kinuni? Kwa nini usipelekwe bahari kuu?

Jibu: Sehemu yake hurudi kwenye njia ya meli kweli, na uchimbaji haukomi. Lakini ukiuondoa mchanga wote, unaua mlango wenyewe.

Pale Westerschelde, yaani mlango huo wa mto upande wa Uholanzi, kuna mkondo mkuu wenye kina, ambamo maji hutokea yakipwa na meli hupita. Kando yake iko mikondo midogo ya maji kujaa, na katikati yamekaa mafungu ya mchanga na tope ambako ndege hushuka kula minyoo. Mchanga ukimwagwa mno kwenye mikondo midogo, huziba. Mto ukibaki na mfereji mmoja, mafungu humomonyoka, nayo maji ya bamvua huzidi kupanda huko Antwerp, ambako tofauti ya kupwa na kujaa tayari inapita mita 5.

Mwaka 2004 wataalamu walijaribu jambo ninalolipenda sana. Fungu la Walsoorden lilikuwa limeliwa ncha. Badala ya kufungua tumbo la meli na kuachia mzigo kwa mpigo, waliusukuma mchanga kwa bomba hadi kwenye pantoni, yaani jukwaa linaloelea, mdomo wa bomba ukashushwa karibu na sakafu ya mto, wakaulaza pale polepole: mita za ujazo 500,000. Wakapima, wakarudia kupima. Sehemu kubwa ilikaa. Ndiyo maana njia ya meli ilipoongezwa kina mara ya tatu, kazi iliyokamilika 2010, mchanga mwingi ulipelekwa kingoni mwa mafungu, na mafungu yenyewe yakawa yanafuatiliwa kwa vipimo.

Nchi hizo mbili zilikuwa zimetia saini mikataba mwaka 2005 iliyofunga pamoja kinga ya mafuriko, njia ya meli na mazingira. Hata hivyo Waholanzi walizozana miaka mingi kabla ya kutimiza sehemu ya mazingira: kuyaacha mashamba ya Hedwigepolder yafunikwe na maji ya mto, mwaka 2022. Nawaelewa: ni ardhi ambayo wazee wao waliipokonya maji.

 Ukiandika tasnifu, anza na ramani ya kasi ya maji, ya kujaa na ya kupwa, kisha uliza meli ipi inaweza kusubiri. Antwerp, meli ambayo sehemu yake iliyo chini ya maji haizidi mita 13.1 huingia saa yoyote. Inayozidi hapo hufuata maji makubwa, na hivyo mchanga mwingi unabaki bila kuguswa.