Jibu: Ukiwa unaishi mwezini utaona kupatwa gani?

Mambo mkuu. Umeuliza ukihamia kwenye makazi ya mwezini utaona kupatwa kwa jua au kwa mwezi, na mchoro umekugomea. Cheki kwanza makazi umeyaweka upande gani, maana ule upande tusiouona huku, dunia haionekani kabisa, hapo huna utakachoona. Ukiyaweka upande unaotutazama, siku sisi huku tunaona mwezi umepatwa wewe kule jua ndo limepatwa, dunia imelikinga. Mi ile ya 7 Septemba 2025 niliitazama nikiwa Tanga, mwezi ukawa mwekundu kuanzia kama saa 2 na nusu usiku, dakika 82 hivi, sasa wewe wa mwezini muda huohuo ungeona duara jeusi la dunia, pana karibu mara 4 ya jua, limezungukwa na pete nyekundu, yani mwanga wa macheo na machweo yote ya dunia kwa pamoja, nikiwaza tu nasisimka! Na imeshapigwa picha, Surveyor 3, chombo cha Marekani kisicho na watu, ilifanya hivyo mwezini tarehe 24 Aprili 1967. Jua likipatwa huku kwetu, wewe utaona kidoa cheusi tu kinatambaa juu ya dunia. Kwenye mchoro weka dunia katikati ya jua na mwezi, halafu jifanye umesimama mwezini unaangalia jua.