Mechi yetu tumeihamishia asubuhi

Kiangazi changu cha kwanza San Bernardino, California, nilidhani nina ugonjwa wa moyo. Kila Jumapili saa tisa alasiri tulikutana uwanjani, Watanzania, Wakenya na Wakongo wachache, tukagawana timu na kucheza mpaka giza liingie. Muda si mrefu koo linaanza kuwasha. Nikikimbia mbio ndefu kikohozi kikavu kinanishika, na nikijaribu kuvuta pumzi mpaka ndani kabisa, kifua kinauma katikati na kugoma. Usiku hali inatulia. Jumatatu naenda kazini kama kawaida.

Mwenzangu mmoja aliyekaa hapa miaka mingi aliniambia, "Utazoea." Nikamwamini.

Daktari alinipima moyo, akakuta hauna shida. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: huwa mnacheza saa ngapi? Nilipomjibu, akanionyesha kwenye simu kiwango cha uchafu wa hewa cha Jumapili iliyopita. Rangi ilikuwa nyekundu, na kilichosababisha ni ozoni.

Nilishangaa, maana ozoni niliyoijua mimi ni ile ya jiografia ya sekondari, tabaka linalotukinga na mionzi ya jua. Hiyo iko juu sana na ina faida yake. Hii nyingine hutengenezwa huku chini tunakovuta pumzi. Haitoki kwenye bomba la gari ikiwa tayari ni ozoni. Magari, malori na viwanda hutoa oksidi za naitrojeni, petroli na rangi za ukutani hutoa mvuke, halafu jua kali linavipika pamoja. Ndiyo maana hupanda kadiri mchana unavyosonga na kufika kileleni alasiri kuelekea jioni, hasa miezi ya joto. Sisi huku tumekaa pabaya zaidi: upepo wa baharini unasukuma hewa ya Los Angeles kuja bara, milima inaizuia isipite, na hewa ya moto iliyo juu yake inaifunika kama mfuniko wa sufuria.

Wala usidhani Jumapili ni nafuu kwa sababu malori yamepungua barabarani. Kwa miaka mingi vipimo vya eneo hili vilionyesha ozoni ikiwa juu zaidi mwisho wa wiki, kwa kuwa moshi mbichi wa injini nao humeza sehemu ya ozoni. Tulikuwa tumechagua siku mbaya na saa mbaya.

Nyumbani tumezoea kuipima hewa kwa macho. Moshi wa jaa linaloungua unauona toka mbali. Ozoni huioni, na hata anga likiwa jeupe inaweza kuwa imejaa. Kwa hiyo usiangalie juu, angalia kwenye simu AirNow, huduma ya serikali ya Marekani inayoonyesha uchafu wa hewa kwa namba na rangi, kabla ya kutoka. Rangi ya chungwa, kuanzia 101, ina maana watoto, wazee, wenye pumu na wanaofanya kazi nje wajihadhari. Nyekundu, kuanzia 151, ni ya kila mtu. Ile 100 yenyewe inalingana na sehemu 70 za ozoni katika sehemu bilioni moja za hewa kwa wastani wa saa 8, kiwango ambacho serikali ya Marekani ilikiweka mwaka 2015. Na bado, watu wazima wenye afya njema waliofanya mazoezi kwa zaidi ya saa 6 kwenye vyumba vya majaribio, ozoni ikiwa karibu na kiwango hicho, walipungukiwa na uwezo wa mapafu. Anayekimbia huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa kivulini, hivyo anameza sumu nyingi kwa muda uleule.

Sasa kuhusu kuzoea. Ni kweli, ukikutana nayo siku kadhaa mfululizo, kikohozi na maumivu hupungua. Lakini madhara ndani ya njia za hewa hayakomi. Mwili umeacha kupiga kelele, basi. Naumia nikikumbuka wageni wangapi nami niliwaambia neno hilohilo.

Mechi tumeihamishia saa moja na nusu asubuhi. Kazini, kwenye yadi ya ghala, nilimwomba msimamizi tupakue makontena mazito mapema na kazi za ndani tuziache mchana. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Omba, hata kama unaona aibu. Barakoa isikudanganye: ile ya N95 inayobana uso vizuri inazuia vumbi na chembe za moshi wa moto wa nyikani, lakini ozoni ni gesi, inapita. Madirisha sisi tunapenda wazi kutwa, huku yafungue alfajiri na yafunge mchana kama una kiyoyozi. Kama huna, usijifungie ndani ya joto, mpeleke mtoto maktaba ya umma, ni bure na kuna ubaridi. Na usinunue mashine ya "kusafisha hewa" inayotoa ozoni. Utakuwa umeingiza ndani kile unachokikimbia.

Binti yangu ana pumu, na hapa ndipo siwezi kulegeza. Shambulio si lazima lije palepale uwanjani, linaweza kuja kesho yake, kwa sababu ozoni huziacha njia za hewa zikiwa na uvimbe, na vumbi au chavua ya maua kidogo tu inatosha kuziba pumzi. Inhela yake ya dharura inakaa kwenye begi la shule, nyingine kwa nesi wa shule, na mwalimu wa michezo ana karatasi ya daktari inayosema afanye nini.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au inhela isipomsaidia, piga 911. Najua wengi wetu tunaogopa bili, tunampigia kwanza rafiki mwenye gari. Tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani inazitaka idara za dharura za hospitali zimpime kila anayefika na kumtuliza hali yake, awe na bima au asiwe nayo. Bili mtaizungumza baadaye, mtoto akiwa anapumua.